Ngazi za Igogo

Ndalahwa, ile njia yetu wameiwekea ngazi.
Mia moja na kumi na mbili. Nimezihesabu
baiskeli ikiwa begani, kama mbuzi anayehamishwa.

Unakumbuka, haikuwa njia.
Palikuwa mahali maji ya mvua yalipoamua kupita,
miguu ikafuata maji,
nasi tukafuata miguu kwa magurudumu mawili
na breki moja ya kandambili
iliyokatwa kisigino.

Juu kabisa, kwa mama Kwilasa, unakaza kamba za viatu.
Unameza mate. Ziwa liko chini, limenyamaza
kama mtu mwenye habari asiyetaka kuitoa.
Kivuko cha Kamanga kinachora mstari mweupe,
ziwa linaufuta.
Unaachia.

Kwanza Shavu: jiwe laini, la mviringo,
ukilipanda na umande linakurudishia kofi.
Kisha Sufuria, pale maji ya sabuni hutuama;
unainua tairi la mbele, unasema hodi, unapita
kati ya kamba ya nguo na mlango wa watu,
na mtoto anayekunywa uji hata hageuki.
Kisha Jiwe la Deni.
Hapo kila mtu ameacha ngozi.
Mimi goti. Wewe kidevu, na jino.
Bugumba wa maziwa aliacha lita ishirini,
njia ikawa nyeupe hadi chini barabarani
na paka wote wa Igogo wakala Idi mwezi usioandama.

Usilitazame jiwe, ulikuwa ukinipigia kelele,
ukilitazama utaligonga! Tazama upenyo!
Na toka kwenye siti, Nyanzobe,
siti ni ya barabara ya lami,
na jiwe unaongea nalo kwa nyonga.

Pimbi walitutazama toka juu, hawana mkia wala haraka.
Mjusi mwenye kichwa chekundu
alipiga pushapu kama askari wa jana.

Sasa nikwambie nani aliomba ngazi.
Mama.
Alizunguka na daftari nyumba hadi nyumba,
sahihi na vidole gumba,
tangu alipopona. Hukuwepo, ulikuwa Geita chini ya ardhi.
Aliteleza na ndoo pale kwenye Shavu
na nyonga yake ikalia kama kuni kavu.
Tulimshusha juu ya mlango wa bati, watu wanne,
mimi mbele.
Nililijua kila jiwe kwa jina,
na hakuna jiwe lililonijua mimi.

Kwa hiyo sikulalamika. Nilibeba mchanga, madebe kumi na nane.
Nilikuwepo walipoliua Jiwe la Deni:
matairi yaliwaka juu yake usiku kucha,
alfajiri wakalimwagia maji ya ziwa
nalo likapasuka mara moja tu,
kama mtu aliyeitika akiitwa.
Wanawake waliligonga siku tisa. Likawa kokoto.
Sasa limo ndani ya ngazi, sijui ipi,
sitini, labda sitini na tatu.
Nikifika hapo napunguza mwendo,
natafuta goti langu kwenye saruji.

Mama hupanda akishika bomba la pembeni.
Ngazi ya arobaini hupumzika, husalimia watu,
huuliza bei ya dagaa, huendelea.
Akifika juu husema wabeja,
sijui anamwambia nani.

Baiskeli ipo. Mnyororo nimeupaka mafuta,
spoku mbili mpya, breki ya mpira halisi sasa.
Mama hajaniuliza kwa nini.

Ila kuna jambo moja, Ndalahwa.
Pembeni mwa ngazi, toka juu hadi chini,
fundi ameacha mfereji wa maji ya mvua.
Nimeupima kwa mkono: shibiri mbili kasoro vidole.
Una kona tatu, na ya mwisho ni kali, inatazama ziwa.
Vuli bado.
Mfereji ni mkavu.