Upande wa Kushoto

Ndahani wa Kizota
kaking'oa kiti cha Celica nyekundu.
Ngozi imepasuka kama kisigino cha kiangazi;
jua la Dodoma limeilamba miaka kumi na mitatu,
vumbi likamalizia.

Chini ya sponji: sarafu ya ishirini,
mbegu za zabibu, risiti ya petroli ya Gairo.
"Tupa vyote," binti Mwaluko kasema kwa simu.
"Gari lilikuwa la marehemu baba. Nataka viti vipya."

Lakini kushoto pamebonyea, kulia pamesimama:
mzee aliendesha
akimwegemea aliyekaa kando.

Ngozi nyeusi imeshashonwa, uzi mwekundu.
Sponji mpya imejaa, sawasawa.
Ndahani anaitazama,
anachukua kisu,
anapunguza kidogo
upande wa kushoto.

Hilo hakuliandika kwenye bili.