Saa Moja na Dakika Kumi

Tiketi nilikata mimi. Haina siri:
Dar es Salaam hadi KIA, saa moja na dakika kumi,
kilomita mia nne na hamsini hivi, kwa njia ya angani,
begi moja, kilo ishirini na tatu.
Alibadili tarehe mara mbili.
Nikalipa faini mara mbili.

Saa tatu kasorobo akatuma ujumbe: Tunaruka.
Hapo mama akainjika kiburu,
ndizi na maharage ya jana, magadi ya kubana kwa vidole,
kwani yeye hahesabu dakika, anahesabu vyungu.
"Chungu kimoja tu," akasema, "mtoto atakuwa chini."

Na kweli. Ndizi zilipoanza kulainika
simu ikaunguruma: Nimeshuka. Kuna upepo.
Kundaeli, miaka kumi na miwili,
kumbe chungu kimoja!

Kisha barabara. Bomang'ombe, Kwasadala, Weruweru.
Mjini akanunua mkate, akaongeza sukari, akaongeza sabuni,
kama mgeni.
Kiboriloni, siku ya soko, teksi ikakwama kwenye marundo ya mitumba,
akapanda Kidia kwa bodaboda, begi mapajani.
Chungu kikaepuliwa, kikafunikwa kwa jani la mgomba,
kikaanza kupoa kuanzia pembeni.

Kisha uzio.
Toka njiani hadi mlangoni kwetu ni hatua arobaini,
nilizihesabu zamani nikitumwa chumvi.
Alifika kwenye masale akasimama,
begi chini, mkate kwapani.
Mbele yake kisiki cha mringaringa,
ule aliouuza baba akiwa amelazwa KCMC:
ukakatwa asubuhi moja, ukapanda lori,
naye akapanda juu yake.
Kisiki kimechipua. Hakuna anayekigusa.
Maji ya mfongo yakamlowesha viatu vya mjini
wala hakuondoa mguu.

Baba alikuwa kwenye benchi, anachambua kahawa,
mbovu huku, nzima huku.
Sinia lilipokwisha, akalichanganya, akaanza upya.
Hakuna aliyeita.
Nikaangalia saa, ndiyo dhambi yangu.
Robo saa. Nusu. Mbuzi akalia mpaka akachoka.
Dakika ya sabini ikapita:
angekuwa ameshatua tena Dar, anafungua mkanda.

Ndipo nikasikia jani likichumwa.
Sale halikatiki kimya.
Akaja nalo kwa mikono miwili
akapiga magoti penye maganda ya kahawa.
Kwetu jani hilo halikataliwi,
ila hakuna aliyesema lipokewe haraka.

Baba akamaliza punje alizozishika.
Akauliza, macho bado siniani:
"Hiyo ndege huchukua muda gani?"
"Saa moja, baba. Na dakika kumi."
Akalitazama jani. Akatazama kisiki.
"Kumbe," akasema, "ni karibu."

Akasogeza sinia.
Benchi likawa na nafasi ya mtu mmoja.
Jikoni, mama alikuwa ameshaanza kupuliza moto.