Kiwiko cha Baba

Tulitoka Majengo saa kumi na mbili,
mimi na Sekimonyo, chukudu yake ikiwa tupu
kwa mara ya kwanza tangu msimu wa viazi.
"Kule uendako haifiki," alisema,
"ila nitakusindikiza hadi njia itakapokata tamaa."

Njia ilikata tamaa baada ya Kibati.
Akailaza chukudu ubavu kama mbuzi mgonjwa
akanionyesha kwa kidevu:
weusi. Weusi mtupu, uliovingirika, uliokunjika
kama shuka la mtu aliyeota vibaya.

Watu wa mbali wakisikia jangwa huwaza mchanga.
La kwetu lilikuja usiku, likitembea,
likabisha hodi Munigi
na halikungoja karibu.
Sasa limepoa. Linakula viatu.
Soli yangu ya kushoto ilikwisha kabla ya saa tatu.

Nilikuwa na karatasi, mchoro wa baba kwa penseli.
Alikuwa akiwabebea wapima ardhi mnyororo wao
na kulipwa mwezi uliochelewa miezi.
Mistari mitatu inakutana, na pembeni ameandika
kwa zile herufi zake zenye usingizi:
Hapa mji. Hapa teritwari. Hapa mbuga.
Nguzo ni ndefu, yanifika kiwikoni.

Jioni, tukingoja sombe liive, alikuwa akijisifu:
"Niliegemea mahali pamoja nikawa mahali patatu."
"Na hata pamoja hapakukupa unga," mama alimjibu.

Tulitafuta. Jua lilimwagika juu ya jiwe,
jiwe likalirudisha nyusoni mwetu.
Hapakuwa na ndege. Palikuwa na kuvu ya kijivu
na kangaga moja moja, zikichungulia nyufani
kama mwenye deni nyuma ya pazia.
Sekimonyo alihesabu hatua kimoyomoyo,
akapotea kwenye mia mbili, akaanza upya.

Ndipo tukaona maharage.
Mekundu, yameanikwa juu ya kitu cha mraba
kisichopita goti langu.
Mwenyewe akatokea nyuma ya tuta,
Kanyere, kitambaa cha njano kichwani.
Hakuuliza sisi ni nani. Aliuliza:
"Ninyi wa kodi?"
"Hapana."
"Basi msiyamwage."

Akatueleza sheria zake.
Wa mji wakija, kikapu kinakwenda upande ule.
Wa teritwari wakija, kinarudi.
Askari wa mbuga wamekataza kukata kuni kwao,
nao wana haki, alisema, sema mti ndio hawana.
Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka.

Nikapiga magoti, nikapangusa vumbi.
Saruji. Herufi moja iliyokwaruzwa kwa msumari,
M, na nusu yake imezama.
Mji, au mbuga,
au Mutokambali mwenyewe, baba yangu,
fundi mwenzake akiwa amegeuka kidogo.

Sikuhitaji kupima.
Pale aliposimama pako chini ya nyayo zangu,
kina cha mtoto anayejifunza kusimama.

Kanyere alisogeza maharage kwa viganja,
upande mmoja tu, akanipa nafasi.
Nilitaka kuegemea kama yeye.
Ilibidi nilale chini, jiwe likinichoma mbavu,
kiwiko juu ya saruji yenye joto,
na kwa muda nisioujua
mkono wangu ulikuwa mjini,
kiuno teritwari,
miguu mbugani bila kibali.
Sekimonyo akauliza kama naumwa.

Nikanunua makopo mawili, maana huwezi kwenda kwa mtu
ukalalia meza yake ukaondoka hivi hivi.
"Bei gani," nikauliza, "ya mjini au ya teritwari?"
Kanyere akatazama kwanza
kikapu kiko wapi.