Pengo la Siku Tatu

Saa kumi kasoro alfajiri, gati la Liwatoni,
tochi kinywani, daftari kwapani,
nasoma ubao uliosimamishwa majini:
mita tatu nukta sita moja.
Rada juu ya kichwa changu yasema sita nne.
Sentimita tatu hatukubaliani.
Nakwangua chaza kwenye ubao, naandika zote mbili.

Watu hunipigia simu kuuliza harusi ya Jumamosi:
turubai, au hapana?
Nawaambia wa mawingu yuko Port Reitz na puto lake,
mimi wa maji.
Hukata simu.

Kabla yangu alikuwa Bi Mishi Mwakaneno,
miaka ishirini na saba ya wino wa buluu,
tarakimu za saba zina mkia kama ndoana,
kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu,
hata karatasi zikanuka chumvi.

Sasa naziingiza kwenye kompyuta
maana wakubwa wataka mstari:
bahari itafika wapi, mwaka gani,
kidato kipi cha ngazi za forodha kitaacha kukauka.
Mstari hauna haraka.
Wapanda upana wa ukucha, washuka,
wapanda ukucha na kidogo.

Mwezi wa Mei, themanini na sita,
siku tatu hakuna kitu.
Programu yanipa kitufe: jaza kwa wastani.
Nikibonyeza, maji yatajaa na kupwa kwa adabu
siku tatu ambazo hakuna aliyeyaona.

Nageuza karatasi. Nyuma, kwa penseli:
"Mwana ana homa. Sikuja. Bahari na in'ngoje."
Siku ya nne, wino tena,
saba zile zile, mkia umetetemeka.

Nimeuliza Majengo, alikokaa.
Mmoja asema mwana alipona, akenda Maskati.
Mwingine alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.
Hapa pia vipimo viwili, na sina cha kukwangua.

Sikubonyeza.
Kwenye safu nimeandika: haikupimwa.
Mstari wakatika hapo, kisha waendelea,
wakubwa na walalamike.

Saa kumi na robo. Maji yamesimama,
hayaji, hayaendi; ndiyo dakika ninayolipwa kuisoma.
Simu yatetemeka mfukoni: nyumbani.
Napokea.
Kina nitakisoma kikishaanza kupungua,
na kando yake nitaandika, kwa penseli,
nilichelewa.