Umelalaje

Wengine wakiulizwa "Umelalaje?"
hujibu "Salama," na siku ikaendelea.
Dada yangu Aikaruwa akiniuliza mimi
husubiri namba.

Juzi saa sita. Jana nne.
Naandika kwenye daftari la oda,
kati ya kiuno cha mama Ndetaramo
na deni la vifungo.

Leo saa tisa usiku niko macho,
cherehani inakimbia kama imetumwa,
Pasua nzima imelala, tumebaki mbwa na mimi,
nikaliona, waziwazi, gauni ambalo hakuna aliyewahi kulishona.
Nikafurahi.
Kisha nikaishika furaha mkono, kama mgambo:
kitambulisho kiko wapi? Unatoka wapi usiku huu?

Maana namjua ndugu yake.
Mwaka juzi alikuja na uso huo huo,
tukashuka naye Kiboriloni
tukanunua marobota matatu kwa hela ya kikundi,
alfajiri nikampigia padri kumsahihishia mahubiri.
Miezi miwili baadaye nilikuwa chini ya blanketi,
nikishindwa kuamua mguu upi utangulie kushuka.
Vikombe viliota ukungu. Niliwaonea wivu vikombe.

Sasa kuna kidonge, baada ya chakula,
maji mengi, chumvi isizidi wala isipungue,
na damu ya kupima, hospitali ya Mawenzi.
Mikono hutetemeka. Uzi hunitungia
mtoto wa jirani, kwa pipi.
Namba ya siri ya simu anayo Aikaruwa.
Kuomba hela yako mwenyewe
kama mtoto anayeomba ya andazi,
hilo kidonge hakilitibu.

Desemba, Kibosho, niliirudisha kata ya mbege.
Shangazi akapiga vigelegele: "Umeokoka!"
Nikasema amina.
Ilikuwa fupi kuliko kueleza.

Mlima upo hapo dirishani.
Watu hupenda kunifananisha nao,
leo mweupe, kesho mawingu.
Siutaki mfano huo. Mlima haumezi dawa.

Gauni nimelichora ukurasa mmoja tu,
nikazima taa, nikajilaza,
nikalisikia gizani likinong'ona mikono yake.
Huenda lilikuwa zuri kweli.
Huenda halikuwa ugonjwa, lilikuwa gauni tu.
Nani wa kunipimia hilo?

Kunakucha. Jogoo wa mama Ndetaramo, kisha ndoo bombani,
kisha hatua za Aikaruwa.
Nimelala saa mbili.
Kalamu ninayo.
Tano ingeandikika vizuri sana.