Vikombe vya Waziri

Saa moja kasoro, Mwanga. Mawese yanatokota,
mama anapunguza moto kwanza, ndipo anapandisha redio.
Huko London ni mchana bado, na waziri amejiuzulu.
Amesema anataka muda zaidi wa kukaa na familia.

Mama anacheka mpaka mwiko unagonga sufuria.
"Bukuru, andika.
Kichwa cha habari kimevaa kofia.
Tuivue, tuone upara."

Miaka ishirini na mitatu alifagia ofisi za halmashauri,
akaijua siasa kwa kuosha vyombo.
Vikombe vilivyoachwa nusu: wamegombana.
Vikombe vikavu, hata sukari ya chini imekombwa kwa kijiko:
wamepatana, na kuna kitu kinakwenda kuliwa.
Na kikombe kilichojaa, chai imeota utando wa maziwa,
hicho ni cha mtu ambaye mwezi ujao hayupo.

Ndivyo alivyokwenda kumuaga mkurugenzi Ruhwaza
siku nne kabla ya barua ya uhamisho kushuka na treni.
Ruhwaza akasimama. "Nani kakuambia?"
"Chai yako, bwana."

Kwa hiyo jina la waziri halimshughulishi,
majina ya huko humteleza kama dagaa wabichi.
Anachouliza ni:
asubuhi ile, nani alimpigia simu, na nani hakupokea yake?
Bungeni, wa chama chake waliokaa nyuma yake
walicheka saa ngapi?
("Wa mbele anakuzomea tu, mwanangu.
Kisu kina adabu, hupitia mgongoni.")
Na jana walisema bei ya umeme itapanda.
Leo mmeisikia?
"Basi. Wametutupia waziri
kama unavyomtupia mbwa mfupa ukitaka kupita."

Naandika. Daftari ni la Butoyi, la kidato cha pili,
kurasa alizozibakiza mwishoni baada ya mchoro wa figo.
Butoyi pacha wangu,
aliyenifuata duniani kwa robo saa
na kunitangulia kila mahali pengine.

Kisha msomaji anageuza karatasi, tunaisikia ikigeuka,
na kwa sauti ileile aliyomsomea waziri anasema
serikali itabana vibali vya wageni wanaohudumia wazee.
Sentensi moja. Baada yake, mpira.

Nimeshika kalamu, nasubiri.
Mama anakoroga mawese yasiyohitaji kukorogwa.

Hull, mji ambao kwetu ni herufi nne juu ya bahasha,
Butoyi anamwogesha mzee mmoja wa meli
asiyekumbuka kuwa mkewe alikwisha kufa.
Kila asubuhi anamuuliza Butoyi, mke wangu karudi sokoni?
Kila asubuhi Butoyi anajibu, yuko njiani.
Anamkausha katikati ya vidole, kidole kwa kidole.
Hilo halikusomwa.

"Mama, hii niandikeje?"

Anafuta mikono kwenye khanga.
Anazima redio wakati watu wanashangilia bao.

Saa nne usiku sauti ya Butoyi inaingia kwenye simu:
hawajambo, kazi nzuri, baridi imepungua, nzuri tu,
Desemba akijaliwa atakuja, mambo mazuri,
msihangaike na maneno ya redio.
Mama anairudia. Anairudia tena,
sikio limelala juu ya simu kama juu ya ukuta wa jirani.
"Mara tatu," anasema. "Nzuri, nzuri, mazuri."
Haniambii niandike.

Nilimpelekea chai chumbani, tangawizi nyingi, anavyopenda,
nikaiweka juu ya cherehani, nikatoka.

Usiku mzima niliwaza kile kikombe.

Nilipoamka alfajiri, kabla hata ya jogoo wa Gungu,
alikuwa amekwisha kukiosha,
amekifuta,
amekipindua juu ya kichanja,
nisikisome.