Na Nani?

Jumanne usiku, juu ya duka la dobi, mjini Bolton,
tunakaa kumi na mmoja kwenye viti vya watoto,
magoti yakikaribia videvu.
Bwana Entwistle, tarishi mstaafu wa posta,
anafundisha Kiingereza kama mtu aliyebeba barua miaka thelathini
bila kuzifungua
na sasa anataka kujua zilisemaje.

Mimi Danguole. Kucha zangu zina unga wa zamu ya alfajiri.
Lugha ya mama yangu haina kile kineno cha herufi tatu
wanachokitanguliza hapa mbele ya kila kinachojulikana.
Kwetu Lithuania mlango ni mlango.
Hapa sharti niseme kwanza kama tunaujua.
Nilikisahau mara tisa katika ukurasa mmoja;
akavirudisha vyote tisa kwa penseli, taratibu,
kama anayeshona vifungo.

Ndipo nikamwonyesha barua ya mwenye nyumba.

*Imebainika kwamba ukungu umetokana na mvuke wa mapishi.
Hatua zitachukuliwa inapobidi.*

Kila neno nililipata kwenye kamusi.
Jibu ndilo sikulipata.

Bwana Entwistle akavua miwani.
Akazungushia duara kitenzi cha kwanza, na cha mwisho,
akaandika pembeni: Na nani?
Imebainika, na nani? Zitachukuliwa, na nani?
"Sentensi hii haina mtu ndani," alisema.
"Taa zinawaka, birika linachemka, mwenyewe katoka."
Kumbe hata sarufi huota ukungu.

Barua yangu ilinichukua wiki nne.
Rasimu ya kwanza ilijaa vivumishi kama keki ya harusi:
ya kutisha, ya aibu, isiyovumilika.
Akanifanya nivikwangue.
"Acha ukuta useme."
Nikabakiza:

*Ukuta ni mweusi kutoka dirishani hadi kitanda cha Rokas.
Rokas ana miaka mitano. Anakohoa.
Nilikuambia Novemba. Nilikuambia Januari.
Nilikuambia juzi, ukiwa umesimama mlangoni.*

(Marudio hayo ni ya makusudi. Somo la Jumanne ya tatu.
Na mlango huo, safari hii,
sote wawili tunaujua.)

Jibu lilikuja Ijumaa, mstari mmoja:

*Barua yako imepokelewa.*

Nilisimama jikoni, koti bado mwilini.
Nikatafuta penseli kwenye droo ya vijiko.
Rokas akauliza ninachora nini.
Duara, nikamwambia.